Msimu mzuri wa korosho tuupime Oktoba mnadani au Agosti majumbani?

Mwana Kitangari (mleta uzi)

Salaam wadau wa Kusini na wote mnaotusoma.

Kila mnada wa kwanza wa korosho ukifanyika, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za karatasi ya bei. Oktoba 2024 bei ya juu ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Msimu ulipofungwa zikatangazwa tani: zaidi ya laki tano kwa nchi nzima, sehemu kubwa ikitoka Mtwara na Lindi. Baada ya hapo hakuna anayeuliza kitu tena mpaka Oktoba nyingine.

Mimi nataka tuzungumzie Agosti. Wanaokaa Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa wanaijua. Mikorosho ina maua na korosho changa, dawa ya ubwiriubwiri, ule ukungu wa mikorosho, imeshapulizwa, pesa ya msimu uliopita imekwisha kitambo. Mtoto anatakiwa sare, mama anaumwa, vibarua wa kupalilia wanadai. Ndipo anapokuja mtu na pikipiki, bakuli lake na noti mfukoni. Anakupa hela leo, utamlipa korosho zikianza kudondoka, kwa bei anayoipanga yeye na kipimo anachokishika yeye. Hiyo ndiyo kangomba. Viongozi wanaikemea kila mwaka, na mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi kwanza wahakiki mashamba ili wanaokusanya kwa kangomba wasilipwe kama wakulima. Pamoja na ukali wote ule, ipo. Itakuwepo maadamu kuna nyumba isiyo na senti Agosti.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kipimo cha maendeleo ya kijiji cha korosho kiwe ni kaya ngapi zimeingia msimu mpya bila kuwa zimeshauza korosho zilizo juu ya mti. Mtu anaweza kuwa na bati jipya, pikipiki mpya na redio kubwa, halafu Agosti akawa mtumwa wa bakuli. Huyo sisi tunamwita amefanikiwa. Na mkoa wenye watu wa namna hiyo tunauita mkoa unaokua.

Wataalamu wakubwa walishalisema hili kabla yetu. Simon Kuznets, mchumi wa Marekani, ndiye aliyetengeneza hesabu za mapato ya taifa kwa ajili ya Seneti ya nchi yake, akazikabidhi mwaka 1934. Ndani ya ripoti hiyohiyo alionya kwamba ustawi wa taifa ni vigumu kuujua kwa kutazama kipimo cha mapato yake. Dunia ikachukua hesabu, onyo ikaliacha.

Karibuni tujadili. Naomba hoja, siyo matusi.

Mtu wa Takwimu

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila hapa tutapingana.

Ukuaji wa uchumi si jambo la kulidharau, hasa kwetu sisi wa Kusini. Umri wako siujui, lakini waulize waliosafiri kabla ya daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003. Masika ikikolea, Rufiji inawafungia. Watu wanalala Ndundu wakisubiri kivuko, mgonjwa wa rufaa anafia njiani, bidhaa Mtwara zinapanda bei mara mbili. Daraja lile lilijengwa kwa fedha, na fedha za namna ile haziji kwenye nchi ambayo uchumi wake umelala. Mei 2024 mafuriko yalipoikata barabara pale Somanga tulionja tena, kwa siku chache tu, maisha ya wazazi wetu.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza kwenye kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Pato la mtu mmoja lilikuwa limetoka dola 1,020 kufika dola 1,080 kwa mwaka. Kuna watu walibeza kwamba hawazioni hizo dola. Ni wastani, hakuna aliyesema zinagawiwa mlangoni. Lakini wastani ukiwa dola 300, hata hicho cha kugombania hakipo. Nchi isiyokua inagawana umaskini tu.

Tukubaliane kwanza kwamba keki lazima iongezeke, halafu tujadili visu.

Nachingwea Asilia

Mtu wa Takwimu, nakuunga mkono kwenye daraja. Kwenye hilo la kuongezeka kwanza halafu tujadili, historia ya hapa kwetu inakukatalia.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vita Kuu ilikuwa imeisha, kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, wakaamua kuyalima Tanganyika. Huku kwetu ikajengwa bandari Mtwara, ikajengwa reli ya kuja Nachingwea, matrekta yakaletwa kufyeka pori. Vibarua walitoka kila upande. Ungepima Jimbo la Kusini kwa fedha zilizomwagwa miaka ile, ungesema hakuna sehemu inayokua Afrika Mashariki kuliko sisi. Mwaka 1951 wakautupa mradi mzima. Mvua hazikufuata ratiba ya London, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu hauchimbiki, na hakuna aliyekuwa amewauliza wakulima wa hapa karanga hulimwaje. Pauni zipatazo milioni 36 zilipotea. Reli ikaendelea kusuasua, na miaka ya mwanzo ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari ilibaki, na tunaitumia mpaka leo, hilo nalikubali.

Sasa ruka mpaka enzi ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Baada ya 2010 ziliposikika habari za gesi ya bahari kuu, Mtwara mjini kiwanja kilikuwa kinapanda bei kati ya asubuhi na jioni. Watu wakauza mashamba ya mikorosho ya urithi wakanunua gari. Wengine wakakopa kujenga gesti. Likaja suala la bomba, watu wakakataa gesi isiende Dar es Salaam kabla hawajaona faida yake hapa, na Januari na Mei 2013 damu ikamwagika. Bomba likajengwa, kilomita zaidi ya 500, kwa mkopo wa China wa dola bilioni 1.2, likazinduliwa Oktoba 2015. Zile gesti nyingi zikabaki na vyumba vitupu na deni.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nawafahamu waliouza mikorosho. Mkorosho unazaa miongo kwa miongo, mtu ameubadilisha na gari lililochakaa ndani ya miaka michache. Na kipindi kile alipokuwa na gari ndipo alipoitwa mtu wa maana. Kipimo cha mtaani na kipimo cha kitaifa vilikosea kwa namna moja: vyote vilitazama kinachopita, havikutazama kinachobaki.

Kijana wa Ruangwa

Wakuu, sisi vijana mnatusema sana na pikipiki zetu. Pikipiki ni kazi. Inapeleka mjamzito zahanati saa nane usiku. Bati nalo, ulizeni aliyekaa kwenye nyumba ya nyasi kila masika anahamisha kitanda.

Ila nakubali kuna shida moja. Ukirudi kijijini kutoka Dar bila kitu cha kuonyesha, hata salamu inabadilika. Kwa hiyo mtu anakopa ili arudi na kitu.

Mama Ming'oko

Wanangu, mmeandika vizuri, na wote mmeandika kama wanaume. Nami niseme.

Mimi nimezaliwa juu ya uwanda wa Makonde. Maji hayapo juu, yako bondeni. Mama zetu walishuka mabonde usiku, wakapanda alfajiri na ndoo kichwani, na ukitaka kujua nyumba ipi ina neema uliangalia mtungi wake, hukuangalia paa. Bomba lilipofika baadhi ya vijiji, mwanamke alipata asubuhi yake. Sijawahi kusikia redio ikitangaza kwamba wanawake wa wilaya fulani wamepata asubuhi zao. Wanatangaza tani.

Hizo hesabu za pato la taifa mnazogombania, kazi ya kupika, kulea na kuuguza ndani ya nyumba haimo. Nikimuuguza baba yangu mwaka mzima, sijaongeza kitu kwenye taifa. Nikimwacha nikaajiriwa kumuuguza baba wa mtu mwingine kwa mshahara, taifa limekua. Nani alikaa akakubaliana na jambo hili?

Na korosho zenyewe. Tunalima sisi, tunaokota sisi, tunapakia magunia ghafi zinakwenda India na Vietnam kubanguliwa. Viwanda vilijengwa huku miaka ya sabini na themanini, vingi viliishia kuwa maghala ya kuhifadhia hizohizo ghafi. Kazi ya kubangua ni ya mikono ya wanawake, na ni kazi ya mwaka mzima, hata hiyo Agosti. Korosho ghafi inalipa mara moja. Korosho inayobanguliwa hapahapa inalipa kila wiki. Mleta uzi, hilo uliweke kwenye hoja yako, maana ndilo linaloijibu Agosti kuliko bei yoyote ya mnadani.

Njaa ikibana tunachimba ming'oko porini, tunachemsha, tunakula na watoto. Hiyo nayo haitangazwi, na imewalea nyinyi wote mnaoandika hapa.

Mwana Kitangari

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili. La kubangua nimelichukua. Nilikuwa nawaza namna ya kutunza pesa ifike Agosti, wewe umeniambia pesa izalishwe hiyo Agosti. Hilo ni zito zaidi.

Mtu wa Takwimu

Mama Ming'oko shikamoo, hoja yako ya kazi za nyumbani ni sahihi, na wachumi wenyewe wanaikubali. Ndiyo maana vikatafutwa vipimo vingine. Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilianza kutoa faharasa ya maendeleo ya binadamu, kazi iliyoongozwa na Mahbub ul Haq wa Pakistani akisaidiwa na Amartya Sen wa India. Wao waliongeza umri wa kuishi na elimu juu ya kipato. Bhutan wakaenda mbali zaidi, wanapima furaha ya taifa, na katiba yao ya 2008 imeitaja.

Mwana Kitangari, tatizo langu na kipimo chako ni la kitaalamu. Kangomba ni kosa. Ukitumwa kijijini na daftari ukauliza "nani kauza kangomba?", utapata sifuri kila nyumba. Utaandika kwamba kijiji kimeendelea kabisa, kumbe watu wamekuficha. Na siku mtendaji wa kata akiambiwa anapimwa kwa kangomba, atahakikisha haionekani, hatahakikisha haipo. Kipimo chochote kikishageuzwa kuwa cha kumsifia au kumfukuza mtu kazi, kinaharibika.

Mwana Kitangari

Hoja hii ni ya haki. Nakubali, siwezi kuuliza kangomba moja kwa moja. Lakini yapo maswali ambayo hayamtii mtu hatiani. Agosti hii mnakula mara ngapi kwa siku? Unga uliomo ndani utafika lini? Kuna mtoto aliyerudishwa shule kwa kukosa mahitaji? Ukiugua leo, nauli ya kufika hospitali ya wilaya unayo au unakwenda kuitafuta? Jirani anajua majibu yote haya hata bila kuuliza. Na sitaki yawe ya kumpima mtendaji. Nataka yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, watu wajitazame wenyewe.

Msimbati Beach

Hapo kwenye kutunza pesa hamjagusa unyago. Msimu ukifungwa, Desemba, Januari, ngoma kila kijiji. Mtu kauza korosho milioni tatu, milioni moja na nusu inaishia kumtoa mwali: mchele, mbuzi, vitenge, muziki wa kukodi. Kila mwaka tunaonywa, kila mwaka yaleyale. Sherehe hizi ndizo zinazotuletea Agosti.

Dada wa Mikindani

Msimbati, kaka yangu, nitakujibu kwa upole.

Unyago umeuhesabu kwa upande wa kinachotoka tu. Mimi nilipotolewa, mama alipika, ukoo wote ukala, watu wakanitunza. Baba alipofariki, waliokuja kulima shamba letu bila kudai ujira ni walewale waliokula kwetu. Mama alipolazwa Ndanda, waliokaa naye kwa zamu ni walewale. Huku kwetu ukoo unafuatwa kwa mama, na ngoma ndipo mtoto anapotambulishwa kwa watu watakaomshika maisha yake yote. Ukiondoa ngoma, useme unaweka nini mahali pake. Bima? Wangapi kijijini kwako wanayo?

Ninachokataa ni mashindano. Zamani kijiji kilitoa wali wake, yaani mabinti wa unyago, kwa pamoja, gharama wakagawana. Siku hizi kila mmoja anataka muziki wake na sare zake za ukumbini, na ngoma iliyokuwa ya kuwaunganisha watu sasa ni ya kuwapita watu. Hapo ndipo pesa inapopotelea. Na jambo jingine: mtoto wa kike asikose shule wala asipelekwe unyagoni akiwa mdogo wa darasa la pili eti kwa sababu mwaka huu korosho zimelipa. Ngoma iwekwe likizo, na umri usubiriwe. Hilo nalisema nikiwa mtu wa unyago.

Msimbati Beach

Nimekuelewa dada. La kutoa wali kwa pamoja sikulijua kwamba lilikuwepo. Ahsante.

Mzee wa Lupaso

Vijana, nimewafuatilia kimya. Mnayoyajadili yaliandikwa mwaka 1967. Azimio la Arusha lilisema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwekwa kati ya hivyo vinne, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ni matunda ya maendeleo. Yapo mengi ya miaka ile yaliyokwama, watu walihamishwa wakaacha mikorosho yao mbali na vijiji vipya, mashamba yakaota msitu, na uzalishaji ukaanguka vibaya baada ya katikati ya miaka ya sabini. Nililiona. Kwa hiyo sisemi turudi kule. Nasema swali la nini kiitwe maendeleo halikuanzia kwa Wazungu, na Dira mpya ya Taifa ya 2050 inapotuahidi uchumi wa dola trilioni moja, mtu wa Lupaso ana haki ya kuuliza mkorosho wake uko wapi kwenye hiyo trilioni.

Kijana wa Ruangwa

Mzee shikamoo. Sasa mimi nataka cha kufanya. Chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kikisema kitukate shilingi mia mbili kwa kilo kitutunzie mpaka Agosti, nani ataamini? Tumeshaona viongozi wa vyama wakiondoka na hela za watu.

Mama Ming'oko

Usiwape. Tumia kikundi cha hisa.

Sisi wanawake huku tuna sanduku, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na sanduku linafunguliwa mbele ya wote. Zamani tulianza mzunguko Januari, tukavunja Desemba, kama tulivyofundishwa na waliotuletea. Desemba ni mwezi ambao kila mtu ana hela ya korosho! Tunagawana pesa juu ya pesa, inakwenda kwenye vitenge. Baadaye mwenzetu mmoja akasema tuhamishe. Sasa tunaanza Novemba, malipo ya mnada yanapoingia, hisa tunanunua nyingi wakati huo, tunapunguza kadiri pesa inavyopungua, na tunavunja mwanzoni mwa Agosti. Yule wa bakuli akifika, kina mama wa kikundi wanamwambia apite.

Mtu wa Takwimu

Mama, hili ni jambo kubwa. Naomba niulize. Mwenye shamba dogo anayepata magunia mawili ataweza hisa? Na mkulima akikwama Machi, anasubiri mpaka Agosti?

Mama Ming'oko

Hisa moja tumeipanga ndogo kwa ajili yake huyohuyo, na mwenye nyingi haruhusiwi kuzidi tano kwa kikao, ili asitumeze. Machi akikwama anakopa kikundini, anarudisha ndani ya miezi mitatu na riba, na riba tunagawana sote mwisho. Kuna na mfuko wa jamii pembeni, huo ni wa ugonjwa na msiba, hauna riba. Tulichokataa ni kukopesha mtu wa muziki wa ngoma.

Wanaume wameanza kuomba kuingia. Tumewaambia waunde cha kwao kwanza, tutawafundisha.

Mwana Kitangari

Mama, nakuja inbox. Kwetu mkutano mkuu wa AMCOS ni kabla ya msimu, nitaomba nafasi niliseme hili la kuvunja Agosti, na la kutoa wali kwa pamoja nitamwomba mama yangu mkubwa alipeleke kwa manyakanga, wakuu wa unyago, maana halisemwi na mwanamume. Mtu wa Takwimu, ukiwa tayari, nisaidie kuyapanga yale maswali ya mkutano wa kijiji yawe mepesi, mtu asiyejua kusoma aweze kuyajibu.

Mtu wa Takwimu

Niko tayari. Nitumie majina ya vitongoji na idadi ya kaya, nitaandaa karatasi moja tu. Tuanze Agosti hii, turudie Agosti ijayo kwa kaya zilezile.